Jaketi la Tano

Mwenye boti alikuwa wa mwisho kupanda boti yake. Alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, suruali ameikunja, mikono yote miwili ameshika ubavu wa boti isiyumbe, na wageni wake wakapanda mmoja mmoja kama watu wanaoingia kwenye gari la ofisi. Mkuu wa ofisi alitangulia. Akaenda moja kwa moja hadi ubao wa nyuma, akakaa upande wa kulia, akatandaza miguu. Mhasibu akafuata, akakaa kushoto kwake. Mke wa mwenye boti akakaa katikati. Kaka wa mke huyo, ambaye ni tarishi katika ofisi hiyo hiyo, akaenda zake mbele kabisa, akakaa juu ya kamba ya nanga bila kuelekezwa na mtu.

Mwenye boti wanamwita Stoo kwa sababu kazi yake ni kutunza stoo. Miaka ishirini na miwili amegawa vitu vya ofisi kwa daraja: viti vyenye mikono kwa wakubwa, visivyo na mikono kwa wadogo, na benchi kwa tarishi na mlinzi. Mtu akifanya kazi hiyo muda mrefu hujua cheo cha kila makalio. Boti ilikuwa ya faiba, mkono wa pili, na ili kuipata mke wake alikubali kiwanja chao kiuzwe. Makubaliano yalikuwa kwamba Jumamosi atavua yeye na shemeji yake, na shemeji akistaafu baada ya miezi mitano iwe ndiyo kazi yake ya uzeeni. Siku ya kwanza kabisa ya kuiingiza boti majini, badala ya kwenda kuvua, Stoo akamwalika bosi. Sijui nani alimroga.

"Stoo, ubao huu mgumu," Mkuu alisema hata kabla hawajaondoka. "Hukuuziwa na mito?"

"Nitaweka, Mkuu."

"Weka. Boti bila mto ni kihori tu."

Mhasibu alicheka kwa sababu Mkuu ndiye aliyesema. Stoo akapanda, akiwa ameloa, akavuta kamba ya kuwashia injini. Ikakohoa. Akavuta tena. Mara ya tatu Mkuu akauliza kama aliinunua au aliiokota, na Mhasibu akacheka tena. Ilipowaka, boti ilinyanyua pua juu na nyuma ikadidimia mpaka maji yakawa shubiri moja tu kutoka ukingoni.

"Baba watoto," mke wake akasema, "nyuma kumezama. Mtu mmoja ahamie mbele."

Stoo aliangalia upeo wa maji kana kwamba ameitwa kutoka huko.

"Mbele si kwa tarishi, mama?" Mkuu akasema kwa upole mwingi, upole ule wa kumkatalia mtu likizo.

"Mimi nikikaa mbele," Mhasibu akadakia, "Jumatatu nitapewa barua nikasambaze."

Wakacheka wote. Tarishi naye akacheka, tena akacheka kuliko wote, na hilo ndilo lililomchoma dada yake. Majaketi ya kuelea yalikuwa matano, mapya, yako chini ya ubao kwenye mfuko wake wa nailoni. Hakuna aliyeyavaa, kwa kuwa Mkuu alisema yananuka plastiki.

Walivua samaki tisa. Saba aliwavuta Tarishi, maana yeye na dada yake ni watoto wa mvusha mchanga, walikulia ndani ya boti. Waliporudi ufukweni Stoo akawapanga samaki juu ya mfuko, wakubwa kwa wadogo, akasema, "Mkuu achague kwanza." Mkuu akachagua watano. Mhasibu akachukua watatu, akasema nyumbani kwake kuna wageni. Tarishi ndiye aliyebeba samaki wa Mkuu hadi kwenye buti la gari, akafungua mlango, akaufunga, akapunga mkono.

*

Jioni, jikoni, mke wa Stoo alikuwa anaparua magamba ya kile kisamaki kilichobaki. Kisu kilikuwa kinafanya kazi kwa hasira.

"Nikuulize kitu. Boti ni ya nani?"

"Yetu."

"Mbona leo nimeona ya Mkuu?"

"Mama watoto, wewe hujui kazini kukoje."

"Najua boti ikoje. Ukilaza uzito wote nyuma, inakunywa maji. Maji hayaulizi nani mkurugenzi nani karani. Na wewe umekaa pale unaona, mwanamume mzima, unamwogopa mtu ndani ya chombo chako mwenyewe."

Stoo akasema si woga, ni heshima. Mke wake akaweka kisu chini.

"Heshima si utumwa. Jumamosi ijayo utawaambia mmoja aje mbele, na kila mtu avae jaketi. Haya sema hapa nikusikie. Mimi ndiye Mkuu, nimekaa. Sema."

Stoo akajikohoza. "Mkuu, samahani sana, kama hutajali, nilikuwa naomba, kama itawezekana..."

"Mpaka ufike mwisho wa sentensi tumeshazama."

Alitaka kucheka akashindwa. Akarudia zoezi hilo mara tatu, na kila mara samahani ziliongezeka. Mwishowe mke wake akamwacha, akakaanga samaki, wakagawana nusu kwa nusu, kichwa akapelekewa Tarishi kwenye chumba chake cha uani. Tarishi akakipokea kwa mikono miwili, akamwambia, "Mdogo wangu, usimsumbue shemeji. Wakubwa ndivyo walivyo." Yeye amebeba barua za wakubwa tangu dada yake akiwa shule ya msingi, na miongo yote hiyo hajawahi kumwambia mtu kwamba bahasha imemlemea.

*

Ijumaa Mkuu akapiga simu. Hakuomba. Alisema kesho saa tatu tukutane pale pale, anakuja pia na Afisa Utumishi, na wiki hii twende wanaume tupu, mama apumzike. Stoo akaitika, akakata simu, akamweleza mke wake.

"Amesema nipumzike?" mke wake akauliza. "Mimi nimechoka na nini?"

"Nafasi tu, mama watoto. Tutakuwa watano."

"Na majaketi ni matano. Yavaliwe matano. Niapie."

Stoo akaapa. Nia alikuwa nayo, hilo simnyimi. Lakini nia ya Stoo ilikuwa kama funguo za stoo yake, anazo siku zote, na kufungua anangoja hadi mkubwa asaini.

Asubuhi, Mkuu na Mhasibu na Utumishi wakapanda, wakaenda nyuma wote watatu. Utumishi ni mtu wa kilo mia na ushee. Alitazama ubao wa katikati uliokuwa wazi, akatazama walipokaa wenzake, akaona akikaa peke yake ataonekana ametengwa. Akajibana pale pale nyuma. Pamoja na Stoo kwenye injini wakawa wanaume wanne upande mmoja, na mbele, juu ya kamba ya nanga, mzee mmoja mwembamba wa kilo hamsini.

Stoo akafungua mfuko, akaanza kugawa. Mkuu kwanza, halafu Mhasibu, halafu Utumishi. Hata siku hiyo hakukosea daraja. Yakabaki mawili mkononi.

"Lete na hilo," Mkuu akasema.

Stoo alidhani la kwanza linambana. Akampa. Mkuu akalikunja mara mbili, akanyanyua mwili kidogo, akaliweka juu ya ubao, akalikalia.

"Haya. Sasa hapa pamekuwa mahali pa kukaa mtu."

Likabaki moja. Stoo akaliangalia, akamwangalia shemeji yake kule mbele. Ilikuwa ni kusema maneno manne tu: Mkuu, rudisha hilo jaketi. Tarishi akamwonea huruma, kama kawaida yake, akamwondolea mzigo.

"Vaa wewe, shemeji. Wewe ndiye dereva."

Na Stoo akavaa. Sitazunguka kuhusu hili, wala sitamtafutia sababu. Alivaa jaketi la mwisho, akalifunga vifungo vyote vitatu, shemeji yake akiwa mbele na shati la ofisi tu.

Walipokuwa wameshaacha ufuko mbali, maji yakawa yanaramba ukingo wa nyuma. Stoo akajikohoza. "Mkuu, samahani, hapa nyuma pamekuwa pazito kidogo, kama hutajali..."

"Kama sitajali nini?"

"Basi, Mkuu."

Tarishi alikuwa ameona. Alikuwa amegeuka, anatazama maji yale na si watu. Hapo ndipo simu ya Mkuu ikaita. Akaangalia jina, akakaa wima, kwa kuwa naye ana mkubwa wake.

"Zima hiyo mashine, Stoo. Sisikii kitu."

"Usizime," Tarishi akapaza sauti. "Shemeji, punguza pole pole, usizime."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuongea mkubwa akiwa anaongea. Utumishi aligeuka kumkazia macho. Lakini Stoo alikuwa ameshazima, kwa sababu aliyesema zima ni Mkuu. Boti iliyolala nyuma ikisimamishwa ghafla, wimbi lake lenyewe huifuata. Likaja, likapanda juu ya injini, likaingia ndani kama ndoo kumi zilizomwagwa kwa mpigo. Wakubwa wakasimama wote kwa pamoja wasiloe viatu. Boti ikageuka.

Wanne wakaelea. Jaketi la tano nalo likaelea peke yake, limekunjuka, likachukuliwa na maji. Tarishi hakuonekana. Kamba ya nanga aliyoikalia ilikuwa imemzunguka mguu, naye alikuwa chini ya boti. Stoo, mpeni haki yake, alirudi. Alijaribu kupiga mbizi na jaketi likawa linamrudisha juu, akapapasa vifungo vyote vitatu mpaka vikafunguka, akazama bila kitu. Akaikuta kola ya shati. Akavuta.

Boti ya kubeba mchanga iliyokuwa inapita ndiyo iliyowaokoa. Mpakizi mmoja alimgandamiza Tarishi kifua kwa muda mrefu sana mpaka akatapika maji. Mkuu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti ile akiuliza kama kuna mtu ana simu isiyoloa.

*

Wodini kulikuwa na kiti kimoja kwa kila vitanda viwili. Jumatatu saa nne asubuhi kiti cha Tarishi kilikuwa na Mkuu. Mke wa Stoo alikuwa ameamka alfajiri kwenye sakafu ya korido alikolala siku mbili, akaenda dirisha la dawa, akapanga foleni, akaambiwa karatasi haina muhuri, akarudi kwa daktari, akapanga tena. Tarishi alikuwa na bomba la hewa puani, na kila pumzi ilikuwa inakwaruza. Daktari alisema mapafu yamechafuka, apone kwanza ndipo waone yamebaki kiasi gani.

Aliporudi na dawa alimkuta mume wake amesimama kando ya kitanda, ubao wa kuandikia mkononi, na kaka yake ameshika kalamu.

"Nitie sahihi wapi, Mkuu?" Tarishi alikuwa anauliza. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Hapo chini, mzee wangu. Pole pole."

Mke wa Stoo akaweka dawa kitandani, akaichukua karatasi. Hakunyang'anya, aliichukua tu, na Stoo akaiachia. Akaisoma kwa sauti, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyamaza kusikiliza.

"Mimi tarishi, kwa hiari yangu, nakiri kwamba siku hiyo nilikuwa nimelewa. Nilipewa jaketi nikakataa kuvaa. Niliinuka nikaanza kucheza, boti ikapinduka na kuhatarisha maisha ya viongozi."

Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Kaka yangu hata soda inamshinda. Ikimpalia gesi analalamika wiki nzima. Hii imeandikwa na nani?"

Mwandiko ule aliujua, ulinyooka, ulipendeza, ndio uliomwandikia barua za uchumba.

"Umeandika wewe," akamwambia mumewe.

"Mkuu alikuwa anasoma, mimi naandika. Mama watoto, polisi wanamaji wanakuja leo kuchukua maelezo. Mhasibu na Utumishi wameshaandika hivyo hivyo. Tukipishana nao..."

"Mama, nisikilize," Mkuu akasema. Hakunyanyuka. "Jalada langu la kupanda cheo liko mezani kwa watu. Jina langu likiingia kwenye mambo ya polisi sasa hivi, hakuna atakayefaidika. Mzee huyu amebakiza miezi mitano. Litakuja suala dogo la nidhamu, nitalimaliza mwenyewe kwa kalamu hii. Na boti ya mumeo itarudi. Tufunike kombe, mwanaharamu apite."

"Hapiti huyo, bosi. Ameshapata kiti."

Mgonjwa mmoja akakohoa kukizuia kicheko. Mkuu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Adhabu ya ulevi kazini mwenu ni kufukuzwa," mke wa Stoo akaendelea. "Hilo hata mimi mpishi wa shule nalijua. Miaka thelathini na nne amewatembelea na bahasha, jua lake mvua yake, akifukuzwa leo anatoka na nini? Na shati la ofisi? Hilo lenyewe mtalidai."

"Mdogo wangu," Tarishi akasema. "Acha nisaini. Nimeshazoea."

"Umezoea nini? Kufa?" Sauti yake ikapasuka. Hasira zilikuwa zimemjaa mpaka hakujua amwanze nani. "Wewe nawe umenichosha. Ukipewa barua ya kukunyonga utaipeleka mwenyewe, tena utauliza kama kuna jibu la kurudisha. Lete hiyo kalamu."

Akaipokonya. Tarishi akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Dada yake akaona vibaya papo hapo, akampangusa kwa kiganja, lakini hakumrudishia kalamu.

Askari wa wanamaji aliingia wakati huo huo, mwanamke wa makamo, kofia kwapani, daftari mkononi. Alisalimia mgonjwa kwanza. Akauliza mwenye chombo ni nani, Stoo akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mlikuwa wangapi?"

"Watano."

"Majaketi?"

Mkuu akasafisha koo. "Afande, maelezo yetu tumeshaandaa, yako pale kwa..."

"Nimemuuliza mwenye chombo."

"Matano," Stoo akasema.

"Watu watano, majaketi matano. Nimewahoji waliowaopoa, wanasema mzee huyu alitolewa bila jaketi. Lake lilikuwa wapi?"

Stoo akamtazama Mkuu, na Mkuu akamtazama yeye, jicho lile lile linalomjia dirishani stoo likitaka kitu ambacho hakijasainiwa. Ubao wa kuandikia ulikuwa mkononi mwa mke wake. Mke wake hakumtazama kabisa. Alikuwa anatazama bomba la hewa. Ikamwingia Stoo kwamba mke wake hasubiri chochote kutoka kwake, na hilo likamuuma kuliko maneno yote aliyowahi kuambiwa.

"Mkuu alilikalia," akasema.

"Sijakuelewa."

"Alivaa moja, jingine akaliweka chini ya makalio. Alisema ubao mgumu."

Askari akaacha kuandika, akamwangalia Mkuu kutoka kichwani hadi viatuni, akarudi kwenye daftari.

"Na wewe mwenye chombo ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Lilibaki moja, nikalivaa mimi. Baadaye akaniambia nizime injini, nikazima. Shemeji alinikataza. Mzee hakulewa, afande, hakusimama, hakucheza. Karatasi hiyo ni uongo, nimeuandika mimi."

"Stoo," Mkuu akasema taratibu, "unajua leo hii ni siku ya kazi, na uko hapa bila ruhusa?"

"Najua."

"Unajua hiyo boti wataitaifisha? Leseni yako, mashtaka, yote juu yako?"

"Itabidi," askari akasema bila kuinua kichwa. "Chombo ni chake. Na wewe, mheshimiwa, utakuja kituoni leo kabla ya saa tisa. Na hao wawili walioandika hivyo hivyo, uje nao."

Mkuu akavuta pumzi, akaegemea nyuma, akakunja miguu, kama mtu anayefikiria ampigie nani. Stoo akamwangalia.

"Ondoka kwenye kiti," akamwambia. "Mke wangu amesimama tangu alfajiri."

Mkuu alitazama huku na huku, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeambiwa. Vitanda vyote vilikuwa vinamwangalia. Akasimama, akatengeneza koti, akatoka bila kuaga.

Mke wa Stoo akakivuta kiti, akakisogeza karibu na mto wa kaka yake, akakaa. Miguu ilikuwa imevimba, akavua viatu. Stoo akasogea, akamwekea mkono begani.

"Utoe," akasema, bila kugeuka. "Na wewe mfuate askari. Ukamalize kusema."

Stoo akautoa mkono. Akachukua karatasi aliyoiandika, akamkabidhi askari, wakatoka pamoja. Tarishi alikuwa amelala, na dada yake alikuwa anahesabu pumzi zake, moja moja, kwa midomo.